Kiboko na Nyumba Iliyosafiri

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mwaitika kivivu, mmeshiba? Paukwa!

Pakawa!

Basi palikuwa na bwawa, kando ya bwawa bao la kete, na kwenye bao Kiboko na Nguchiro. Kila alasiri walicheza. Kila alasiri Kiboko alishinda. Na kila alasiri alisema, "Mdogo wangu, rudi kesho nikufunze." Nguchiro alinuna, lakini kesho alirudi.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Bwawa likabaki tope na maji kidogo katikati. Kiboko akayalalia, bwata!

"Hayatutoshi," akasema. "Tucheze. Atakayefungwa ahame."

Nguchiro akawafikiria wanawe, ndimi nje kwa kiu. "Haya, Kaka. Anza, mkubwa kwanza."

Alimjua mwenzake: akiona kete, hapiti. Basi akatega. Akaacha kete hapa, Kiboko akala. Akaacha pale, Kiboko akala. Ta, ta, ta, akazigawa shimo kwa shimo, ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yake, lile shimo alimolundika kete nyingi.

"Utalala hapo, Kaka, zamu iishe, au nyumba isafiri?"

Mcheza bao yeyote angekwambia: mchezo ukiwa bado mchanga, nyumba hulindwa. Lakini Kiboko aliona mbele kete za kula.

"Nilale na njaa? Isafiri."

Ta, ta, ta, ta. Akala, na nyumba yake ikatawanyika ubao mzima. Sasa Nguchiro akala hapa. Ta, ta. Akala pale. Ta, ta, ta. Mpaka safu ya mbele ya Kiboko ikabaki mashimo matupu, akawa amefungwa.

Kiboko akalitazama bao. "Umejifunzia wapi?"

"Hapa hapa, Kaka. Kwako."

"Basi nimefunza vizuri." Akajivuta topeni, akaondoka, maana ahadi ni deni. Nguchiro alitaka kumwita, amwambie rudi, tutabanana. Akawaita wanawe badala yake.

Wanawe wakanywa. Mvua ikarudi, bwawa likafurika, maji ya kutosha viboko kumi. Kiboko hakurudi. Nguchiro akajuta, na hata leo anajuta. Kila alasiri hupanga kete, hucheza upande huu, huzunguka akacheza upande ule. Akimaliza hujiambia, "Mdogo wangu, rudi kesho nikufunze."

Na kesho hurudi.

Hadithi yangu imefika: aliyekunywa kanywa, aliyehama kahama. Funzo lake? Ukimpata mpinzani, mfunge mpaka ahame, upumzike. Haya, bao lile pale, nani anacheza nami?

Mbona mwainuka nyote?