Ndara Kumi na Sita za Isuke

Hapo zamani za kale, enzi dubu walipokuwa wakifagia ua kila asubuhi na viwavi wakivaa viatu, aliishi dubu mmoja katika milima ya Japani, jina lake Tomezo. Alikuwa mkubwa, mkubwa kweli. Akipiga chafya, vigae vya paa la jirani vilicheza. Lakini haya aliyokuwa nayo, wanangu! Hata nzi akitua puani pake, alimwomba radhi kabla ya kujikuna.

Mlangoni pake Tomezo alikuwa na vyungu vinane vya maua. Maua yale huitwa sumire: madogo, ya zambarau, yenye kuinamisha kichwa kama bibi harusi. Mbegu zake aliachiwa na marehemu mama yake, ambaye naye aliachiwa na mama yake. Mwaka ule zilikuwa zimebaki mbegu nane tu, na zote alizipanda. Zisipotoa ua, hakuna mbegu nyingine, na maua ya mama yamekwisha kabisa.

Kwa hiyo kila asubuhi Tomezo alitoka na ndoo yake, akapiga magoti mbele ya vyungu, akasema, "Shikamoo, mama," ndipo akamwagilia.

Siku moja, kabla hajamaliza hata kuamkia, akasikia: kra, kra, kra.

Akainama. Chungu cha kwanza hakikuwa na jani hata moja! Vijiti vitupu. Na juu ya kijiti amekaa kiwavi, mweusi tii, mstari mwekundu mgongoni, miiba mwili mzima, anatafuna.

"Yalaa!" Tomezo akaruka nyuma, akakalia ndoo. Angeweza kumfuta kiwavi yule kwa ukucha mmoja, lakini ile miiba! Wanangu, miiba ile haichomi hata kidogo. Ni maringo matupu. Ila Tomezo hakujua, na kiwavi hakuona sababu ya kumwambia.

Tomezo akanyakua ufagio, akauinua juu ya kichwa.

"Subiri kwanza, bwana mkubwa!" kiwavi akasema. "Huoni navua viatu?"

Ufagio ukabaki hewani.

Hapa lazima niwaeleze jambo. Huko kwao Japani, hakuna anayeingia nyumbani na viatu. Anayevua viatu vyake mlangoni na kuvipanga, ncha zikitazama njia, huyo ni mgeni. Na mgeni hafukuzwi. Hata kuulizwa anaondoka lini, haulizwi. Analishwa mpaka avae viatu mwenyewe aende zake.

"Moja," kiwavi akasema, akiweka chini ndara ya majani makavu, ndogo kama punje ya ufuta. "Mbili. Tatu. Ngoja, hii kamba imekaza. Nne..."

Alipofika ya saba, ufagio ulikuwa umeanza kumwelemea Tomezo. Ya kumi, ameushusha ufagio. Ya kumi na tatu, amechuchumaa anamsaidia kufungua kamba kwa ncha ya ukucha.

"Kumi na sita! Ahsante kwa kunisubiri. Naitwa Isuke, mgeni wako."

"Mgeni wangu?" Tomezo akakuna sikio. "Samahani, lakini... nani amekukaribisha?"

"Wewe! Asiyetaka mgeni atamsubiri avue ndara kumi na sita?"

Tomezo akafikiri. Akafikiri tena. Kila alipofikiri alijikuta pale pale alipoanzia.

"Lakini majani yangu umeyala kabla hujavua viatu."

"Ndiyo maana nimevua. Ningeendelea kula na viatu, si ungesema sina adabu?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Tomezo akaingia ndani kumpikia mgeni.

Akamletea wali. Isuke akautazama. "Daktari amenikataza wali." Akamletea figili iliyolowekwa kwenye chumvi. "Chumvi ndiyo kabisa! Usijisumbue, ndugu yangu. Mimi ni mtu wa majani tu." Akageukia chungu cha pili. Kra, kra, kra.

Siku ya nne vyungu vinne vilikuwa vijiti. Tomezo hakulala vizuri, hakula vizuri, na kila akipiga magoti asubuhi alibaki akijiuliza. Atamwambia nini mama? Kwamba ameliwa na mgeni?

Jirani yake, Bi Shige, nguruwe mwitu mwenye meno yaliyojipinda na mdomo usiojua kunong'ona, alimkuta amejiinamia kwenye ngazi.

"Wee Tomezo! Dubu mzima unalia?"

"Silii, Bi Shige. Nina mgeni."

"Si umtoe?"

"Viatu viko mlangoni."

Bi Shige akaviona. Na yeye ni mtu wa huko huko, adabu anaijua. Akasogea karibu. "Sasa sikiliza. Simamisha ufagio hapa mlangoni, kichwa chini, njiti juu. Ndivyo walivyofanya wazee wetu. Mgeni akiuona tu, anajua siku zake zimekwisha. Ataondoka, na wewe hutakuwa umetamka neno baya."

Tomezo akakaribia kumbusu. Akausimamisha ufagio kichwa chini, akajificha nyuma ya mlango, jasho linamtoka.

Isuke akatokea. Akautazama ufagio kutoka chini mpaka juu.

"Oho! Ufagio umesimama kichwa chini."

"Ah... naupumzisha tu," sauti ya Tomezo ikatoka nyuma ya mlango.

"Nimeelewa, bwana mkubwa. Naondoka leo leo."

Tomezo akafunika mdomo asipige kelele za furaha. Isuke akaanza kuvaa. "Moja, mbili, tatu..." Tomezo alihesabu naye kimoyomoyo. "...kumi na tano. Kumi na..." Akageuka huku na huku. "Ya kumi na sita iko wapi?"

"Ya kumi na sita?"

"Ndara yangu! Imepotea mlangoni kwako. Basi, si kitu, nitakwenda mguu mmoja peku. Wakiniuliza njiani nimetoka wapi, nitawatajia tu jina lako."

"Hapana! Hapana, kaa! Nitaitafuta!"

Isuke akavua tena zote kumi na tano, polepole, akazipanga. Na dubu yule mkubwa akalala kifudifudi uani, pua chini, akitafuta ndara ya ukubwa wa ufuta. Siku ya kwanza akakamata sisimizi, akidhani ni ndara. Wale sisimizi walikasirika sana. Siku ya pili akafunua mawe yote ya uani. Na nyuma yake, mchana kutwa: kra, kra, kra.

Siku ya tatu akainua chungu cha nane, na hapo chini yake, ndara! Ilifikaje huko? Msiniulize mimi, wanangu. Mwulizeni Isuke.

"Nimeipata! Mgeni, nimeipata!"

Chungu cha saba kilikuwa vijiti. Cha nane kilikuwa na majani mawili na tumba moja la ua. Mgeni hayupo. Ila juu kwenye njiti za ufagio kilining'inia kitu kikavu, kama jani lililojikunja, chenye vidoa vinavyong'aa.

Tomezo akaiweka ndara ya kumi na sita pamoja na zile nyingine. Akasimama, akachanganyikiwa kabisa. Mgeni hayupo, ataondokaje pekupeku? Viatu vipo, basi mgeni yupo. Kama yupo, yuko wapi?

"Mgeni?" akaita chooni. "Mgeni?" akaita dirishani.

Kwa kuwa viatu vilikuwepo, aliendelea kuandaa chakula. Kila siku kisahani cha majani aliyoyaokota mlimani, na kila jioni majani yalikauka vile vile. Ufagio hakuthubutu kuugusa, maana labda kile kitu ni zawadi ya mgeni. Uani pakajaa takataka. Bi Shige akipita anatikisa kichwa.

Siku ya kumi tangu mgeni apotee, tumba lilifunguka, ua moja la zambarau. Tomezo akapiga magoti. "Shikamoo, mama." Na hapo hapo, juu ya ufagio: tap! Kile kitu kikapasuka.

Akatoka kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye madoa meusi, akapepea, akatua kwenye ua.

"Wewe nani?" Tomezo akauliza.

"Mpita njia."

"Hukumwona mgeni wangu? Mweusi, ana miiba, miguu kumi na sita."

"Mimi nina sita. Hesabu."

Tomezo akahesabu. Sita. Akatazama ndara kumi na sita. Akatazama miguu sita. Kichwa kikamzunguka akakaa chini, na machozi yakamtoka kweli kweli.

"Sielewi chochote," akasema. "Nilichokuwa nacho cha mama ni haya maua tu. Vyungu saba vimekwisha. Na ua moja peke yake, bila unga wa maua mengine, litatoaje mbegu? Mama yangu amekwisha, na mimi nilikuwa natafuta ndara."

"Lakini cha nane si nilikubakizia!" kipepeo akaropoka.

Akajiziba mdomo. Kwa miguu yote sita.

"Ulinibakizia?" Tomezo akainuka polepole. "Isuke!"

Akaunyakua ufagio.

"Subiri!"

"Sisubiri tena!"

Ufagio ukapanda juu, na ukakwama huko. Isuke alikuwa amekaa juu ya ua la mwisho. Tomezo akaushusha, akaukumbatia kifuani.

Isuke naye akaona aibu, jambo ambalo halijapata kumtokea. "Dubu mzima wewe," akasema taratibu. "Ungeniambia 'toka' mara moja tu, ningetoka mbio. Kila siku nilikuwa naingoja."

"Toka?" Tomezo akashangaa. "Neno hilo mtu anamwambiaje mwenzake usoni?"

Isuke akakung'uta mbawa. Akaruka, akapotea mlimani. Tomezo akadhani ndiyo basi. Lakini kabla ya adhuhuri alirudi, mdomo na uso umejaa unga wa njano wa sumire za porini, akazama katika ua la mama mpaka mabegani, akatoka, akaenda tena, akarudi tena. Kisha akaaga na kwenda zake, viatu akaviacha.

Mwezi uliofuata ganda la mbegu likapasuka: pwaa! Tomezo akatambaa uani akiziokota, na mara hii kila alichokipata kilikuwa mbegu kweli. Zilikuwa hamsini na tatu.

Masika yaliyofuata vyungu vilijaa uani kote. Kimoja alikiweka ndani, rafuni, kwa ajili ya mama. Asubuhi moja akatoka na ndoo yake, akasikia: kra, kra, kra. Mlangoni zimepangwa ndara ndogo kama ufuta, ncha zikitazama njia. Akahesabu, zikawa mia moja na sitini.

"Shikamoo, babu!" wakasema viwavi kumi weusi. "Mama yetu Isuke anakusalimu. Tumevua viatu!"

"To..." Tomezo akaanza. Akavuta pumzi. "To... to..."

Wote wakamtazama.

"Karibuni," akasema. Akaingia ndani mbio, akautoa ufagio, akausimamisha kichwa chini.

"Tazameni!" wakashangilia. "Babu ametutandikia kitanda kama cha mama!"

Basi, wanangu: asiyeweza kumwambia mgeni "toka," asilaumu viatu vilivyo mlangoni pake.