Mheshimiwa Fisi Azindua Kambi ya Korongoni

Mwaka ule jua liliwaka mpaka vyura wakahamia kwa shemeji zao. Bwawa la mwisho la Mbuga ya Mikwaju likageuka tope, tope likageuka nyufa, na wanyama wakakubaliana wavuke uwanda mkavu kwenda Ziwa Matete. Safari ndefu, juani, vivuli vya kuhesabu. Atakayefika, amepona. Atakayeanguka njiani, basi tena.

Simba, ambaye hajawahi kupita penye maji asijitazame na kujisalimia, akatangaza nafasi ya kazi: Afisa Usalama wa Safari.

Sungura akaja mbio kuomba. Mambo hayo alikuwa ameyasomea kwa Tembo, kuanzia dalili za mvua hadi dawa ya mbung'o. Akahitimu vizuri, halafu akakaa kijiweni akitafuna majani ya kuokota.

"Una uzoefu?" Simba akauliza.

"Mzee, uzoefu nitautoa wapi na kazi hamnipi?"

"Ukiupata, njoo."

Kazi akapewa Fisi. Sifa zake zilikuwa mbili. Kwanza, alicheka kila Simba alipotania, na hata Simba alipopiga chafya tu. Pili, uzoefu alikuwa nao wa kumwaga, maana porini hapajatokea ajali ambayo Fisi hakuhudhuria.

Kabla ya kuondoka Fisi akaitisha semina. Wajumbe walifika saa nne. Mgeni rasmi, yaani Fisi huyo huyo, akatokea saa sita na kukaa chini ya mti pekee wenye kivuli. Wengine wote wakasimama juani kusikiliza hotuba juu ya hatari za jua.

"Safety first, ndugu wajumbe! Itifaki imezingatiwa," akaanza. "Tutatembea mchana kweupe ili tuonane. Maji msinywe njiani, yanalegeza miguu. Tope msijipake, mtanichafulia msafara. Na usiku tutalala makorongoni, kwenye mchanga laini kama godoro. Makofi!"

Wakapiga makofi. Nyumbu alipiga kuliko wote, kwa sababu Nyumbu hupigia makofi lolote linalosemwa kwa sauti kubwa.

Siku ya kwanza tu, jua la utosi, Nyumbu akayumba, akageuza macho, akaenda chini puu! Vumbi halijatua, Fisi yuko pembeni.

"Mheshimiwa, umewahi kweli," Sungura akamwambia.

"Afisa usalama lazima awe eneo la tukio, kijana."

"Na hayo mate?"

"Machozi. Yamekosea njia."

Sungura akamwita Mama Pundamilia, aliyekuwa na mimba ya kukaribia kuzaa, na Kobe, wakamkokota Nyumbu hadi kwenye kivuli cha mgunga. Wakachimba mpaka wakapata udongo mbichi, wakampaka masikioni na shingoni. Sungura akapasua tikiti la porini na kumdondoshea maji kidogo kidogo mdomoni. Baada ya muda Nyumbu akafumbua jicho moja.

"Hotuba imeisha?"

"Imeisha, kaka. Na wewe ulikuwa unaisha nayo."

Tangu hapo Sungura akawa anawanong'oneza wenzake. Tutembee alfajiri na jioni. Jua likipanda, kivulini. Jipakeni tope, mbung'o wavunje meno. Piga funda kabla kiu haijakupiga wewe. Na majani ya kulalia uyakung'ute, usije ukalala na nge kama mke wa ndoa. Simba alimwona Fisi akinung'unika, lakini kwa vile yeye mwenyewe alipenda kivuli, akawaachia.

Kila asubuhi Fisi aliwahesabu wanyama, na kila asubuhi walitimia. Jambo hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Mbavu zikaanza kumtoka, matumaini yake yote akayaweka kwenye Korongo Kuu, lililokuwa bado mbele yao.

Walifika hapo alasiri. Juu yao mbingu ilikuwa safi, hata wingu la kusingizia halipo. Lakini kule milimani kulikuwa kweusi ti, na radi ikichezacheza. Fisi aliona. Wallahi aliona, na ndiyo maana shemeji zake walikuwa wameshajipanga kwenye kona ya chini ya korongo, wameagizwa, "Chochote kitakacholetwa na maji, kamateni."

Sungura naye aliona. Aliona pia siafu wakipanda ukingoni na mayai yao midomoni.

"Tunalala hapa!" Fisi akatangaza. "Mama Pundamilia, na hali yako hiyo, shuka wa kwanza. Pale katikati ndiko kwenye mchanga laini."

Mama Pundamilia, miguu imevimba, akateremsha kwato moja. Sungura akaruka mbele yake. Alijua akitamka mafuriko, Simba atamuuliza uzoefu. Kwa hiyo akainama mpaka masikio yakagusa chini.

"Mzee Simba, kambi mpya hii! Itakaliwaje bila kuzinduliwa? Na mgeni rasmi tunaye hapa hapa!"

Simba akavimba kifua. Sherehe alizipenda, hasa zile ambazo yeye ndiye anayeangaliwa. "Kweli kabisa! Haikaliwi bila kuzinduliwa!"

Utepe wa majani ukafungwa korongoni. Fisi, ambaye tamaa yake haibagui nyama wala sifa, akashuka akichekelea, akaukata utepe kwa meno, kisha akaumeza.

"Sasa," Sungura akasema, "anayezindua kisima hunywa wa kwanza. Anayezindua daraja huvuka wa kwanza. Anayezindua kambi je?"

"Hulala!" wanyama wakaitika.

Fisi akatupia jicho milimani. "Ndugu zangu, mimi na huu mgongo wangu..."

"Laini kama godoro," Kobe akamkumbusha, polepole, maana Kobe hasahau neno la mtu.

Simba akakunja uso. "Fisi, unaniaibisha mbele ya wajumbe? Lala."

Fisi akalala.

"Funga macho, bosi!" Nyumbu akapaza sauti kutoka ukingoni, walikokaa wote chini ya migunga. "Na ukorome kidogo, tuamini!"

Fisi akakoroma. Pakasikika ngurumo.

"Mheshimiwa, hilo ni tumbo lako?" Sungura akauliza.

Maji ya rangi ya chai yalikuja na magogo yake, yakambeba mgeni rasmi na itifaki yote. Kwenye kona shemeji zake wakamdaka kwa meno.

"Shemeji! Ni mimi!"

"Nyama zote husema hivyohivyo!" wakajibu, wakazidi kung'ata, hadi maji yakampokonya na kumtupa katikati ya kichaka cha miiba.

Maji yalipopungua yakaacha madimbwi. Wanyama wakanywa, wakapumzika, wakafika Ziwa Matete wote. Mama Pundamilia akajifungua kivulini, mtoto mwenye mistari iliyonyooka. Simba akampa Sungura kazi, akidai kwamba yeye tangu mwanzo alimwona kijana huyu ana uzoefu.

Fisi aliwasili mwisho, akichechemea, miiba imemjaa makalioni kama nungunungu aliyevaa kinyume.

"Jamani," akalia, "hata pole hamna?"

Kobe akatoa kichwa, akamtazama mbele na nyuma, akasema, "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."