Debe la Mafuta kwa Wakili Kapalata

Ti! Ti! Ti! Mita ya luku, ya umeme wa kulipia kabla, ililia, kisha ikanyamaza na taa zikazimika. Magharibi ndiyo kwanza imeingia, wali ukiwa bado jikoni.

"Juzi tu nimechanga elfu tano ya luku!" alisema mama yake Limi akipapasa kibiriti. "Na baba mwenye nyumba keshasema kila mpangaji achange tena."

Kutoka mkekani Bibi Mwashi akasema, "Mnunua mafuta haketi gizani."

"Mbona sisi tumenunua na tumekaa gizani, Bibi?" Limi akauliza. Binamu zake wakacheka. "Nani alisema maneno hayo?"

"Sogeeni," Bibi akasema. "Methali hii ina mwenyewe, na ilizaliwa hivi."

Zamani, mji wetu ulipokuwa na mtaa mmoja wa maduka, palikuwa na mjane akiitwa Nyamizi. Alikuwa na binti mgongoni, msiniulize ni nani. Mumewe alipofariki, shemeji yake alikuja na kamba akapima kiwanja chao, akasema ni mali ya ukoo. Nyamizi hakubishana naye. Alikwenda kwa Wakili Kapalata, wakapatana ada ya shilingi themanini, naye akailipa yote kwa fedha ya karanga zake. Kesi ikapangwa Jumanne.

Ijumaa iliyotangulia, karani wa wakili, Bwana Sizya, akamwita ofisini na kumpa karatasi.

"Hizi ni gharama, mama. Ada ni ya akili ya wakili. Ofisi nayo inakula."

Nyamizi akaishika ile karatasi kwa mikono miwili. Alikuwa na miezi saba katika kisomo cha jioni, na hii ilikuwa karatasi yake ya kwanza kuisoma bila mwalimu. Akasoma polepole, kidole kikitembea chini ya maneno: stempu, nauli ya kupeleka jalada Tabora, mafuta ya karabai, debe moja, shilingi kumi na mbili.

"Stempu naielewa," akasema. "Barua haina miguu. Nauli nayo naielewa. Lakini mafuta?"

"Jalada lako lilisomwa jioni, kwa taa."

"Likanywa debe zima? Jalada langu au trekta?"

Sizya hakucheka. "Usipolipa kufikia Jumatatu, mama, jalada haliendi mahakamani. Shauri yako na shemeji yako."

Nyamizi akatoka pale. Aliuza kuku wake watano na jembe la akiba. Jumatatu asubuhi akalipa, akadai risiti, akaikunja na kuifunga kwenye pindo la kanga.

Jioni hiyo akaenda kisomoni kama kawaida. Wanafunzi walikuwa kumi na wanne, watu wazima watupu, na mtihani ulikuwa keshokutwa. Mwalimu akaitikisa kandili: kavu.

"Mafuta yamekwisha, ndugu zangu. Turudi nyumbani."

Watu wakaanza kukusanya vibao vyao, wakinung'unika. Nyamizi akabaki ameketi. Akagusa pindo la kanga. Kitu kikampanda kifuani kama maziwa yanayochemka, akasimama.

"Mafuta ninayo mimi! Debe zima. Yako kwa wakili."

"Nyamizi, umerukwa na akili?" aliuliza Mzee Kasanda, mkulima wa tumbaku.

"Nifuateni."

Wakamfuata, wengine kwa kushangaa, wengine kwa kutaka kuona mwisho wake. Karabai ilikuwa inanguruma barazani kwa Wakili Kapalata, nyeupe kama mchana. Nyamizi akatandika mkeka chini yake, akamshusha mtoto, akafungua daftari. Wenzake wakaketi. Wapita njia wakasimama.

"Enyi! Mmeshtakiwa nyote?" mmoja akapiga kelele. "Mnafanya nini kwa wakili?"

Nyamizi akajibu bila kuinua macho, "Mnunua mafuta haketi gizani!"

Kicheko kikavuma barabara nzima. Wakili mwenyewe akatoka, miwani puani, Sizya nyuma yake.

"Kuna nini hapa?"

"Shikamoo, baba," Nyamizi akasema, akampa risiti kwa mikono miwili. "Nimekuja kutumia debe langu."

Wakili akasoma. "Mama, unajua kesi yako ni kesho?"

Nyamizi akaona kiwanja chake kikining'inia kwenye ulimi wa mtu huyu. Akambeba mwanawe, akamtazama wakili usoni.

"Najua, baba. Nimelipa, na nitalipa kila ninachodaiwa kwa haki. Ila nataka kuona nilichokilipia."

Mzee Kasanda akajipapasa mfukoni. "Hebu ngoja. Mimi nami nina debe hapa. Mwezi huu huu!"

"Na mimi!" akasema mwanakisomo mwingine, mama muuza maandazi, akichomoa risiti yake kifuani.

Wakili akaziweka risiti tatu pamoja chini ya taa. Akageuka. "Sizya, mwezi huu tulinunua madebe mangapi?"

"Moja, mheshimiwa."

"Na majalada?"

"Kumi na mawili."

"Kila moja umeliandikia debe?"

Sizya akatazama viatu vyake. "Ndivyo nilivyoikuta kazi, mheshimiwa. Karani aliyenitangulia alikuwa na fomu iliyokwisha kuandikwa, mimi najaza jina tu."

"Nami natia sahihi tu," wakili akasema taratibu. Akavua miwani. "Leta daftari la ofisi. Hapa, nje."

Likaletwa. Akawaambia walisome wenyewe, kwa sauti. Wakasoma, wakikwama na kusaidiana, hadi wakafika penye mafuta. Debe moja, majalada kumi na mawili: shilingi moja kwa kila mtu. Nyamizi akarudishiwa kumi na moja palepale. Vigelegele! Yule mama wa maandazi aliruka hadi akapoteza kandambili.

Siku ya pili Kapalata alisimama mahakamani akamtetea yule mjane kwa sauti ambayo watu waliisikia mpaka nje, na kamba ya shemeji ikarudi kufunga mbuzi. Kisomo kikabaki barazani mpaka mtihani. Na tangu hapo daftari la gharama likakaa mezani, wazi, mteja yeyote alifunue.

"Basi, wajukuu zangu," Bibi akamalizia, "kulipa si aibu, na anayekutumikia lazima arudishiwe alichotumia. Ila ukilipa, uone. Mnunua mafuta haketi gizani."

Mama yake Limi alikuwa ameshika noti ya elfu tano mkononi, hajui aipeleke au la. Limi akaichukua taratibu, akavaa ndala, akavuka ua hadi mlango wa baba mwenye nyumba, akagonga.

"Shikamoo baba, tunaomba kuiona risiti ya luku."