Reli Haimjui Mgeni

Reli haimjui mgeni, amjuaye ni mwenyeji.

Neno hilo mmelisikia mchana, baba yenu alipomkaripia kaka yenu kwa kumwacha mgeni wetu aende peke yake kuoga mtoni, mahali asipojua kina wala mkondo. Mkacheka, mkaniuliza: hapa kwetu kuna mto, reli imetokea wapi? Basi sogeeni niwaambie. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mji mmoja wa bara ambao reli ilifika kabla ya barabara. Watu walioifuata reli walijenga kando yake, waliokuja baada yao wakajenga mbele ya hao, hata ukatokea mtaa ambao treni ilipita katikati ya nyumba kama mtu apitavyo ukumbini kwake. Ungeweza kusimama mlangoni, ukanyoosha mkono, ukagusa behewa. Mtaa huo waliuita Ubavuni, maana treni ilipita ubavuni mwa kila kitu: ubavuni mwa jiko, ubavuni mwa kitanda, ubavuni mwa mtoto aliyelala.

Kwa wenyeji hilo halikuwa ajabu. Treni ikilia, mama aliinua beseni lake la nguo, baba alivuta kigoda, mbuzi wenyewe walisogea, na maisha yakaendelea. Lakini zikaja simu za kamera. Mgeni mmoja akapita akapiga picha, mwenziwe akaiona naye akaja, na muda si muda Ubavuni pakawa mahali pa kutembelewa. Watu walitoka miji ya mbali, wengine ng'ambo kabisa, waje wakae kwenye mabenchi, wanywe kitu, wangoje treni ipite mbele ya pua zao. Kila mwenye kibaraza akafungua biashara.

Siwatu binti Mfaume alikuwa mmoja wao. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye sauti nene iliyowashtua wasiomjua. Waliomjua walikunywa kahawa yake, wakala kashata zake, wakasahau sauti. Alipenda wageni kwa dhati. Akiona mtu amevaa viatu vya safari na jasho limemtiririka, alimpa maji kabla hajaulizwa anataka nini. Ila alikuwa na jambo lake moja. Mbele ya kibaraza chake alipiga mstari wa chokaa, na treni inapokaribia hakutaka mtu auvuke. Mgeni akiuvuka, Siwatu alimwita. Asiposikia, alimfuata. Akijitia kiziwi, alimshika mkono akamrudisha kwenye benchi kama mtoto wa chekechea, yeye na simu na fahari zake zote.

Wageni wengine walishukuru. Wengine walinuna, wakahamia ng'ambo ya pili ya reli kwa Lugendo.

Huyo Lugendo alichoma mishkaki iliyonukia hadi stesheni. Alikuwa mtu wa maneno matamu, na kwake mgeni alifanya atakalo: akae juu ya reli, alale katikati ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, apigwe picha amenyanyua mikono. "Karibu, jisikie nyumbani," ndiyo iliyokuwa kauli yake. Na hakuwa mtu mbaya. Aliamini kweli kwamba heshima ya mgeni ni kutomnyima kitu.

Siku moja majirani walikutana, na neno likaangukia kwa Siwatu.

"Dada Siwatu," alisema Lugendo, "hatugombani nawe. Lakini tangu lini mwenyeji akamfokea mgeni? Wahenga wamesema, mgeni njoo mwenyeji apone."

"Mwenyeji apone," akajibu Siwatu. "Na mgeni je?"

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikuwa upande wake. Mzee wa mtaa akasema kwa upole kwamba Ubavuni pamepata jina, na jina ni kama moto wa kuni mbichi, ukiupulizia vibaya unazimika. Akamwomba aache ukali. Wote wakaitikia.

Siwatu hakubishana. Alirudi kwake, akachota maji, akausugua mstari wake kwa ufagio mpaka sakafu ikabaki kijivu. Alifanya hivyo taratibu, na wala hakulia, ila moyo ulimwuma kuambiwa mbele ya watu kwamba hajui kupokea wageni, yeye ambaye mama yake aliwahi kumlaza sakafuni ili mpita njia apate kitanda. Akajisemea: haya, nimesikia. Tangu leo mimi ni mwuza kahawa tu.

Jumamosi iliyofuata Ubavuni palifurika. Ilikuwa siku nzuri, jua limepoa kidogo baada ya mvua ya asubuhi, na treni ya abiria ilitarajiwa alasiri kutoka upande wa stesheni. Siwatu alimimina kahawa, akakusanya vikombe, akauma ulimi. Vijana wawili walikuwa wamekaa juu ya reli wakila mishkaki. Aliwaona, akageuza uso.

Ndipo yakasikika matarumbeta. Harusi! Bibi harusi mmoja, jina lake Tunu, alikuwa amefungishwa ndoa asubuhi ile katika mji wa jirani, na kabla ya kwenda ukumbini alitaka picha Ubavuni, mahali alipopatamani tangu alipopaona kwenye simu. Alikuja na bwana wake, na ndugu na marafiki, na kundi zima la wapiga matarumbeta na ngoma. Aliyewaongoza alikuwa mjomba wake, Masudi, mzee mrefu wa kanzu nyeupe na bakora. Gauni la Tunu lilikuwa na mkia mrefu wa lesi ambao wasichana wawili waliubeba nyuma.

Wakaingia moja kwa moja katikati ya reli. Mpiga picha akawapanga: bibi harusi hapa, bwana harusi pale, mkia utandazwe juu ya mataruma kama maji yanayotiririka. Lugendo akapiga makofi. "Karibuni! Jisikieni nyumbani!" Matarumbeta yakapaa, ngoma ikakolea, wageni wote wakasimama kutazama, wengine nao wakashuka relini kucheza. Kila jicho lilielekea stesheni, ambako treni ingetokea, na kwa kuwa stesheni ilikuwa kimya, hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Siwatu alikuwa ameshika sinia lenye vikombe vya kahawa. Akasikia vikombe vinagongana. Akadhani ni mkono wake. Akaliweka sinia juu ya meza, akaondoa mikono. Vikombe vikaendelea kugongana. Akatazama upande wa stesheni: hakuna kitu. Akatazama upande wa pili, kule reli inakojikunja nyuma ya nyumba za mwisho, na juu ya mabati akaona moshi mweusi unakuja.

Ilikuwa treni ya mizigo. Hizo hazikuwa na saa. Zilipita zilipopita.

Mambo mawili yalimjia kwa pamoja. Moja likasema, umeshaambiwa ukae kimya. La pili halikusema kitu, lilimtoa barazani tu, na miguu yake ikawa relini kabla hajajua.

"Treni!" alipaza. "Tokeni! Treni!"

Hata ile sauti yake nene ilimezwa na matarumbeta. Aliyemwona alidhani anashangilia. Honi ya treni ilikuwa inalia kule kwenye kona, lakini nani angeisikia? Siwatu akaona kwamba hapo hapana haja ya kupiga kelele. Kelele ndiyo iliyokuwa adui. Akawapita wachezaji kwa mabega, akamfikia mpiga ngoma kubwa, akaishika mikono yake yote miwili hewani.

Ngoma ikakatika. Matarumbeta yakayumba, yakafa moja moja. Watu wakageuka kwa hasira.

"We mama una wazimu?" Mjomba Masudi alimjia na bakora. "Unavunja harusi ya watu! Sisi ni wageni hapa, tumekuja kwa heshima zetu!"

"Reli haimjui mgeni, mzee wangu!" Siwatu akajibu. "Sikiliza!"

Na katika ukimya ule honi ikalia, ndefu, karibu, kutoka upande ambao hakuna aliyeutazama.

Hapo Siwatu hakungoja ruhusa. "Ukutani! Migongo ukutani! Shika mtoto mkono! Kusanya mitandio!" Watu wakaanza kukimbia huku na huku, na yeye akawagawa kwa mikono, hawa kulia, hawa kushoto, maana hatari ya kukimbia ovyo ni kugongana katikati. Kijana mmoja aliangusha simu akageuka kuiokota. Siwatu akamsukuma ukutani kwa kifua. "Iache! Simu ina duka, wewe huna!"

Reli ikawa tupu. Yaani karibu tupu. Tunu alikuwa bado katikati. Lesi ya gauni lake ilikuwa imenasa kwenye kichwa cha skrubu nene iliyokaza reli, na kadiri bwana wake alivyovuta ndivyo ilivyozidi kujisokota. Treni ilikuwa imeshajitokeza kwenye kona, breki zake zinapiga mayowe, lakini mzigo wa chuma hausimami kwa mara moja.

Siwatu alipiga magoti kwenye kokoto, akajaribu kwa vidole. Hapana. Akajaribu kwa meno. Hapana. Akainua kichwa akapiga kelele ng'ambo ya pili:

"Lugendo! Kisu!"

Lugendo alikuwa amesimama ameganda kando ya jiko lake. Akatazama kisu cha nyama mkononi mwake kana kwamba hakuwa akijua kipo. Kisha akaruka. Jitu zima, tumbo na aproni yake, akavuka reli mbele ya treni, akafika. Lakini alipoliona gauni lile lilivyometameta, mkono ukasita.

"Dada, gauni la harusi..."

"Kata!" Tunu mwenyewe ndiye aliyesema. "Nimeolewa leo, sizikwi leo! Kata!"

Lugendo akakata. Lesi ikaachia, bwana harusi akamnyanyua mkewe, Siwatu akawasukuma wote kwa mpigo mmoja, wakaangukia kibaraza cha kahawa, rundo moja la miguu na mikono. Treni ikapita. Upepo wake ukapindua meza, vikombe vikaruka, na gauni lililobaki likapepea kama bendera. Behewa baada ya behewa lilipita, na watu wamejibana ukutani hawathubutu hata kufumba macho.

Ilisimama mbele kidogo, karibu na stesheni. Kisha Tunu, akiwa amekalia vipande vya vikombe, gauni limeishia magotini, akaanza kucheka. Cheko lile lilimvuta bwana wake, likamvuta Lugendo, na mara bibi mmoja akapiga kigelegele, mtaa mzima ukalipuka. Watu walikumbatiana na watu wasiowajua.

Mjomba Masudi alihesabu jamaa zake kwa macho, akawakuta wote. Akaenda mbele ya Siwatu, akaiweka bakora chini.

"Mama," akasema, "nilikuita mwenye wazimu."

"Ulisema kwa kutojua, mzee wangu."

"Hapana. Nilisema kwa sababu nilidhani mgeni hakosei."

Harusi haikwenda ukumbini. Wanawake wa Ubavuni walikimbilia makwao wakarudi na khanga za doti, wakamvua Tunu lile gauni lililochanika, wakamfunga moja kiunoni, nyingine wakamtanda mabegani, akapendeza kuliko alivyokuja. Chakula cha ukumbini kikaletwa, mishkaki ya Lugendo ikaongezwa, na matarumbeta yakapigwa upya, safari hii barazani, huku watu wawili wamewekwa kila upande wa reli kutazama. Na mpiga picha akazipata picha zake: treni ya abiria inapita, na kando yake, migongo ukutani, harusi nzima inapunga mikono.

Walipoketi kula, mjomba Masudi alisimama kunena. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema: "Mwenyeji wetu leo ametuambia, reli haimjui mgeni. Ni kweli, haikutujua. Haikujua kama sisi ni watu wa harusi, wala tumetoka wapi, wala tuna heshima gani. Aliyetujua ni mwenyeji." Akakaa. Watu wakarudia maneno yale, huyu akayapunguza, yule akayapanga, na kabla sahani hazijaondolewa yalikuwa yamekuwa methali.

Kesho yake asubuhi Siwatu alifungua mlango akamkuta Lugendo ameinama na ndoo ya chokaa. Alikuwa ameupiga mstari tangu kibaraza cha kwanza, na alikuwa amefika kwa Siwatu.

"Unyooke vizuri," Siwatu akamwambia, na akaenda kumtilia kahawa.

Tangu hapo ikawa ndiyo sheria ya Ubavuni. Mgeni akifika, kabla ya kuulizwa anakula nini, alionyeshwa mstari; akaambiwa atazame pande zote mbili, ashike watoto wake, akusanye nguo zake, na kikianguka kitu akiache. Na wageni hawakukimbia, walizidi. Maana mtu hupenda kurudi mahali alipoona kwamba roho yake ina mwenyewe wa kuilinda.

Tunu naye, alipotimiza mwaka katika ndoa, aliagiza khanga, akawapelekea wanawake wote wa mtaa ule. Siwatu alikunjua yake mbele ya majirani, wakaisoma kwa pamoja, na vigelegele vikasikika hadi stesheni. Khanga zile zikauzwa mijini, zikavuka bahari, zikafika hata kwa watu wasiowahi kuiona treni, nao wakalielewa neno lake bila kufasiriwa, kwa kuwa kila mahali pana hatari ambayo haimwoni mtu usoni, na kila mahali pana mwenyeji anayepaswa kufumbua kinywa.

Ndiyo maana husemwa: reli haimjui mgeni, amjuaye ni mwenyeji.