Mtaro wa Mfalme Wultharik

Wultharik, mfalme wa Wagothi waliowatawala Walatini wa Valerna, hakujua kusoma, lakini alitaka historia. Alimwita Faviola, mama wa Kilatini aliyejua kalamu.

“Andika kwamba mji huu tuliujenga sisi. La sivyo, kichwa chako nakitundika langoni.”

“Nitaandika, Mtukufu. Hata ukuta?”

“Hata ukuta.”

“Na daraja?”

“Na daraja, bibi wee! Kila jiwe!”

“Hata mtaro wa vyoo?”

“Huo hasa! Nani mwingine angeuweza?”

Faviola aliandika. Mfalme alipiga mhuri mbele ya wakuu wake wote, wakala nyama siku tatu wakijisifu. Siku ya nne mtaro uliziba, uvundo ukapanda mpaka ukumbini.

“Waiteni Walatini na makoleo yao!” mfalme alifoka.

Walatini walikuja, wakasimama tu.

“Mtukufu,” Faviola aliuliza, “kwani miaka yote hii sisi tumeuzibua kwa nini?”

“Hujui sheria ya Wagothi? Aliyejenga ndiye anayezibua, yeye na kizazi cha...”

Faviola alipiga goti, akampa mfalme koleo kwa mikono miwili.