Nge Aliyekatwa Mwiba

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitikia kwa sauti ya chini, na ni sawa, maana hadithi ya leo haitaki kelele. Watoto, sogeeni mbele. Na nyinyi wakubwa msijifanye mnachambua mchele, najua mnasikiliza.

Kabla sijaanza nina swali. Bibi yangu alinipa nikiwa na kimo cha huyu hapa, nami nimekaa nalo mpaka mvi zimeniota. Wako wanne: mama, mwalimu, mzee wa kundi, na nge. Mtoto amekufa. Nani amemuua? Zamani nilikuwa nikimtaja mama, kisha nikazaa, nikanyamaza. Nikamtaja mwalimu, kisha nikafundisha, nikanyamaza tena. Sijapata jibu. Sikilizeni, huenda nyinyi mkalipata.

Hapo zamani za kale palikuwa na nguchiro. Walikaa kwenye kichuguu kikubwa kilichohamwa na mchwa, katikati ya mbuga kavu. Asubuhi walitoka wote, wakichimba, wakinusa, kwaru kwaru kwaru. Walikula mende, walikula panzi, walikula jongoo. Lakini kiangazi kikiwa kikali, mende hakuna, panzi hakuna, jongoo hakuna. Chini ya mawe amebaki nge peke yake. Nguchiro asiyejua kula nge, kiangazi humla yeye.

Kwa hiyo walikuwa na desturi. Mtoto akitoka shimoni mara ya kwanza, humchagua mkubwa mmoja wa kumfuata. Huyo anakuwa somo wake, yaani mlezi na mwalimu wake. Haachani naye mpaka mvua za kwanza.

Somo humletea mtoto nge aliyekufa, amnuse, amtafune, aijue ladha. Siku zikipita, humletea nge aliye hai, ila mwiba wa mkia keshaukata kwa meno. Mtoto anajifunza kukamata kitu kinachokimbia. Kisha humletea nge mdogo, mzima, mwenye mwiba wake. Hapo ndipo penye kazi. Mtoto anatakiwa ampige, pa! Amrushe, pa! Amsugue mchangani mpaka mwiba uvunjike. Akikosea anachomwa. Anavimba, analia, anapona, na damu yake inaanza kuzoea. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila mtoto anakula nge mkubwa mbele ya kundi zima, na nge huyo analetwa na somo wake. Anayeshindwa anarudi shimoni kukaa na wanyonyao hadi mvua nyingine.

Sasa, palikuwa na somo aliyeitwa Bi Kidawa. Alichechemea. Mguu wake wa mbele ulipinda tangu utotoni, kwa kuwa somo wake mwenyewe alimtupia nge mkubwa kabla ya wakati, akasimama pembeni akacheka. Kidawa alipopona aliapa kuwa mwanafunzi wake hatalia hivyo kamwe. Na kweli watoto walimpenda. Alikuwa mvumilivu. Alisema jambo mara kumi bila kukunja uso.

Mwaka ule alichaguliwa na Sudi, mtoto wa Mashavu. Sudi alikuwa mwepesi na mcheshi. Nge mfu akamla. Nge asiye na mwiba akamla. Ikafika siku ya nge mzima. Kidawa akamweka chini. Nge akainua mkia, ng'a! Sudi akaona vile alivyousimamisha, akarudi nyuma, akajificha chini ya tumbo la somo wake.

Mashavu aliona. Jioni hiyo akamfuata Kidawa. Mama huyo alikuwa amezaa watoto wanne. Mmoja alichukuliwa na kipanga, mmoja alizama shimo lilipoingia maji. Mdogo, Riziki, alikuwa bado ananyonya. Akamwambia Kidawa hayo yote, ingawa Kidawa aliyajua, kisha akasema:

"Dada, nakuomba. Mkatie mwiba. Siku mbili tatu tu, mpaka moyo wake utulie."

Kidawa aliutazama mguu wake. Akasema sawa, siku mbili tatu.

Kesho yake akakata mwiba. Sudi akamshika nge, akamtafuna, kacha kacha kacha, akafurahi. Kesho kutwa akakata tena. Kila asubuhi Kidawa alijisemea, leo nitauacha. Kila asubuhi Sudi alimtazama kwa macho yale, naye akaukata. Nge waliendelea kuinua mikia yenye kigutu. Sudi akazoea. Akajifunza jambo moja vizuri sana: kwamba mkia ni vitisho tu.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Kundi likakaa duara. Mzee Kombo, mkuu wao, akakaa mbele. Hondohondo naye akatua karibu. Ndege huyo alitembea na nguchiro kila siku, akiwaangalizia kipanga na kuokota panzi waliowakurupusha, na umbeya alikuwa nao wa kutosha. Kidawa akamleta nge. Mkubwa, mweusi. Mwiba hana.

Mzee Kombo aliuona ule mkia. Macho yake yalikuwa mazima. Lakini kundi lilikuwa na wawindaji wachache mwaka ule, na aibu ya kumkatiza Kidawa mbele za watu ilikuwa kubwa. Akajikuna sikio, akatazama mawingu.

Sudi hakumpiga nge wala kumrusha. Alimdaka moja kwa moja, kacha! Kundi likashangaa. Hondohondo akarusha kichwa, akaimba:

"Sudi wa Mashavu, mla nge bila maji,
mkia kauinua, Sudi kautafuna!"

Mashavu alilia kwa furaha. Kidawa hakulia. Sudi akamuuliza kama sasa amejua. Kidawa akamwambia, umejua, mwanangu.

Tangu hapo Sudi akawa mkubwa. Wadogo walimzunguka, naye akawafundisha bila kuombwa. Aliwaambia nge akiinua mkia mcheke, ni kama mzee anayetikisa bakora asiye na nguvu ya kupiga. Wadogo wakacheka sana. Kidawa alikuwa karibu, akayasikia maneno hayo. Alitaka kusema. Akaona asimwaibishe mbele ya wadogo. Atamwambia wakiwa wawili. Siku hiyo hawakuwa wawili.

Asubuhi iliyofuata Sudi alitoka na kundi. Akafika kwenye jiwe, akaligeuza. Nge akatoka. Akainua mkia, ng'a! Sudi akamcheka. Akapeleka mdomo.

Mara moja kwenye ulimi. Mara moja kwenye koo.

Hakupiga kelele. Alirudi akitembea, polepole, kama mtu anayebeba maji kichwani. Akampita mama yake, akampita Mzee Kombo, akaenda moja kwa moja kwa somo wake. Ulimi ulikuwa umejaa mdomoni, lakini walimsikia.

"Somo," alisema, "si uliniambia nimejua?"

Kidawa akalala kando yake. Mashavu akalala upande wa pili. Walikaa hivyo, mtoto katikati, mpaka jua lilipofika utosini. Baadaye walibaki wawili.

Kundi likakutana. Wengi walitaka Kidawa afukuzwe mbugani aliwe na fisi. Wengine walisema mama ndiye aliyeomba. Hondohondo alikuwapo, na siku hiyo hakuwa na wimbo. Mzee Kombo akaenda hadi kwenye lile jiwe, akainama, akamuuliza nge kwa nini amemuua mtoto.

"Sitoki," nge akajibu kutoka ndani, "nawajua nyinyi. Nitasemea humu humu. Mimi nimeinua mkia tangu Mungu aliponiumba. Huo ndio usemi wangu, na maana yake ni moja, kaa mbali. Mtoto wenu aliuona, akacheka. Nendeni mkamuulize aliyemfundisha kucheka."

Mzee Kombo akarudi. Kisha akakiri mbele ya wote kwamba siku ya mtihani aliuona mkia ule na akatazama mawingu. Baada ya hapo waliokuwa wakipiga kelele walipunguza.

Kidawa hakujitetea. Alisema tu kwamba kila siku alidhani anamkata nge, kumbe alikuwa anamkata mtoto.

Mwisho akasimama Mashavu. Walidhani ataomba Kidawa auawe. Akasema, "Mimi nilimwomba, naye akashindwa kuninyima. Mkimfukuza, atakuja somo mwingine, na nitamwomba huyo pia, maana mimi ni mama. Tuondoeni sisi kwenye kuombana."

Walizungumza hadi vivuli vikarefuka. Ikaamuliwa hivi. Kidawa abaki, na afundishe. Nge wa mtihani asiletwe tena na somo. Aletwe na mama wa mtoto, yeye mwenyewe, kutoka chini ya jiwe, na mwiba wake wote, ili mama asiwe na wa kumwomba. Akishamweka chini, arudi nyuma hatua tatu, asikaribie.

Hata leo nguchiro wanafundisha watoto kula nge kwa hatua, na mwalimu anayeruka hatua kwa huruma huwa amemwachia adui aimalizie. Kumpenda mtoto ni kumwambia lililo kweli akiwa bado mikononi mwako. Hilo ndilo funzo, nami silisemi kwa kumnyooshea mtu kidole.

Msimu uliofuata Riziki alitoka shimoni. Masomo walisimama kwa safu ili achague. Alipopotea kidogo katikati yao, mama yake alimsukuma taratibu kwa pua hadi mbele ya Kidawa. Kidawa akamfundisha. Riziki alichomwa na nge wadogo mara mbili. Alivimba, akalia, akapona, na Kidawa alilia naye kila mara, lakini mwiba hakuukata.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Kundi likakaa duara. Mashavu akaenda kwenye mawe peke yake. Alirudi na nge mweusi amembana mgongoni kwa meno, mkia ukipiga hewani karibu na jicho lake, ng'a, ng'a, ng'a. Akamweka mbele ya mwanawe. Akarudi nyuma hatua moja. Akarudi hatua ya pili. Ya tatu ilichukua muda, lakini akarudi.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Anayeweza kuibeba na aibebe.