Mgombea Aliyefungua Geti

Nisikilizeni, na yule aliye kule nyuma aweke simu mfukoni, maana sirudii.

Palikuwa na mtu mmoja aliyeomba udiwani katika kata yake. Kabla ya siasa alikuwa akiigiza filamu. Msimpigie makofi bado, hakuwa nyota. Alikuwa yule mlinzi anayefungua geti gari la tajiri likiingia. Anasema, "Karibu bosi," kazi imekwisha. Filamu tisa, mageti tisa. Ya kumi wakampandisha cheo, akawa maiti.

Meneja wake wa kampeni akamwambia, "Kaka, kwenye mabango tuandike nyota wa filamu. Nani ataenda kukagua?"

"Mimi nilikuwa nafungua geti."

"Watu hawampi kura mfungua geti."

"Basi wasinipe. Siwezi kuanza kazi ya watu kwa kuwadanganya habari za geti."

Mkaidi kweli. Mimi nampenda. Akawa kila mkutano anaanza hivyo hivyo, anajitangaza mwenyewe: nilifungua mageti tisa, nikafa mara moja.

Sasa kulikuwa na diwani aliyekaa kitini miaka kumi, na huyo alisimamia jambo moja tu, kisima. Kisima kile, pale ndani ya geti la zahanati, kilikuwa na kibao cha saruji chenye jina lake kwa herufi kubwa. "Maji mnayokunywa niliwachimbia mimi," ndiyo hotuba yake, mwanzo hadi mwisho. Kina mama wazee walikuwa wakisema kisima walikichimba wao kwa mikono yao, yeye akaja baadaye na kibao. Wakajibiwa kwamba wamezeeka, wanasahau. Na nusu ya kata ni wahamiaji wa juzi. Wangejuaje?

Mkutano wa mwisho ukafanyika ukumbi wa shule. Diwani akaja na projekta na fundi wa kuiendesha, akatundika shuka jeupe, akaziba madirisha. Kumbe amekusanya vile vipande vya filamu. Geti. Geti. Geti. Watu wakacheka hadi machozi. Mgombea wetu naye anacheka, anasema kwa sauti, "Mheshimiwa, mbona ile ya maiti umeiacha? Ndiyo niliyoigiza vizuri."

Ukumbi ukacheka zaidi, lakini sasa wanacheka pamoja naye. Diwani ikamuuma. Akaagiza kipande kimoja kirudiwe, kikubwa, taratibu.

"Tazameni hapa," akasema. "Mimi wakati huu hata diwani sijawa, niko mjini na biashara zangu, nimevaa suti. Mwenzangu yuko kwenye geti la zahanati yetu, anasema karibu bosi. Huyu ndiye awaongoze?"

Bibi mmoja muuza vitumbua akasimama. "Fundi, hebu rudisha hapo."

"Bibi, kaa chini," diwani akasema.

"Nimekaa miaka kumi. Rudisha."

Fundi akarudisha. Nyuma ya geti, kwenye kona ya picha, kulikuwa na wanawake na majembe, mmoja amezama shimoni hadi kifuani, wengine wanavuta ndoo ya udongo kwa kamba.

"Mwenye kitenge cha kijani ni mimi," bibi akasema. "Mwongozaji wao alitufukuza tutoke kwenye picha. Tukamwambia, baba, picha ni yako, shimo ni letu."

Na wakati wenyewe diwani amekwisha kuutaja kwa mdomo wake: hata diwani hajawa, yuko mjini. "Zima," akamwambia fundi. Fundi hakuzima. Kina mama wakaanza kusimama mmoja mmoja. "Mwenye kamba ni mimi." "Huyo wa shimoni ni marehemu dada yangu." Vigelegele vikajaa ukumbi, na uchaguzi ukawa umekwisha pale pale, kura zilifuata tu.

Mfungua geti akaingia udiwani. Siku ya kwanza akabandua kile kibao. Akaweka majina ya wanawake kumi na mmoja. Lake hakuliandika.

Sasa tuje kwetu. Lile bango lingeandikwa nyota, ingekuwaje? Geti la kwanza tu lingetokea pale kwenye shuka, ukumbi wote ungemzomea yeye, na diwani angetoka salama. Nani angemsikiliza bibi? Mnaona uongo mdogo unavyofanya kazi? Unadhani unajipamba, kumbe unamficha mwizi na unamziba mdomo mama wa watu.

Na Mungu wetu hamfukuzi mtu kwenye picha. Wewe mama unayefagia hapa Ijumaa, na watu wakija Jumapili wanamsifu mwingine, umo. Kwenye kona, lakini umo, na jembe lako linaonekana. Na wewe uliyebandika jina lako juu ya jasho la wenzako, sikutaji, unanijua na mimi nakujua. Kabandue leo, kwa mkono wako, kabla hawajaanza kusimama mmoja mmoja.

Nimemaliza. Kina mama, anzeni nyinyi wimbo. Sisi tutawafuata.